Zuhura kwanza, chati ya sayari baadaye

Watoto wa miaka minne hadi saba hukaririshwa sayari nane kwa mpigo, na bado wakitoka nje jioni hawajui kwamba ile nuru kali ya magharibi ni mojawapo. Naona ni kosa. Mtoto aanze na sayari anayoweza kuinyooshea kidole, nayo ni Zuhura: hakuna nyota wala sayari nyingine inayong'aa kuishinda.

Hakikisha kwanza kwamba msimu wake umefika. Kwa miezi kadhaa huonekana magharibi baada ya Jua kuchwa, ikapotea, kisha ikajitokeza mashariki alfajiri. Duru nzima ni siku 584 hivi. Jua lizame kabisa ndipo mtoke, hasa mkiwa na darubini, maana kuliangalia Jua kwa darubini hupofusha. Muulize mtoto: inametameta? Nyota humetameta, Zuhura hutulia, ila ikiwa chini sana kwenye upeo wa macho nayo hucheza, na hapo swali lako litaharibika.

Kisha mchezo, ambao kwangu ndio somo lenyewe. Weka taa isiyopata moto katikati ya chumba chenye giza. Kwa kamba na chaki chora duara mbili kuizunguka: ya Zuhura umbali wa sentimita 145 kutoka kwenye taa, ya Dunia mita 2. Mtoto mmoja asimame kila duara. Aliye Dunia ajizungushe polepole mahali pake: akiielekea taa ni mchana, akiipa mgongo kabisa ni usiku wa manane. Je, anamwona mwenzake? Hamwoni, hata Zuhura asimame wapi. Mtoto amegundua mwenyewe kwa nini Zuhura haionekani kamwe usiku wa manane. Kinachovuruga ni Zuhura kutoka nje ya duara lake kwa kukimbia, kwa hiyo chaki ikolee na mwendo uwe wa kutembea.

Kwa ukubwa, mpira wa sentimita 10 ni Dunia, wa 9.5 ni Zuhura, karibu pacha. Picha za Zuhura zenye rangi ya chungwa zisubiri. Nyingi zimetokana na rada ya chombo cha angani Magellan, kilichoipima kati ya 1990 na 1994, na rangi ilitiwa na watu. Mtoto aliyeona nuru nyeupe angani atadhani ni sayari nyingine. Weupe ule ni mawingu mazito yanayoakisi mwanga wa Jua. Rada hupenya chini yake.

Joto la uso wa Zuhura, nyuzi 465 za Selsiasi, ni namba tupu kwa mtoto wa miaka mitano. Mwambie madini ya risasi yangeyeyuka kule. Au msimulie Venera 13, chombo cha Kisovieti kilichotua mwaka 1982, kikapiga picha za mawe, kikastahimili dakika 127 kisha kikanyamaza. Atauliza kiko wapi sasa. Kingali palepale kilipotua.