Teksi ya Angani na Chenji Yangu

Ningependa kuwaarifu wahusika wote wa maendeleo kwamba habari za magari yanayopaa zimenifikia, ila zimenifikia mahali pasipofaa: ndani ya daladala ya Gongo la Mboto, Dar es Salaam, nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja kwa kuwa wa pili ulikosa pa kukanyaga.

Kijana aliyekaa mbele yangu, ambaye mvi zangu hazikumshawishi kunipisha, aliinua simu na kunionyesha chombo cha kampuni ya EHang ya China kikipaa Kigali, Septemba 2025, bila rubani. "Mzee, Afrika tumeshafika!" alisema. Nilichungulia nje. Hatukuwa tumefika hata Tazara.

Nilimuuliza kwa utulivu chombo hicho kinabeba watu wangapi. Akajibu kuwa ni wawili, na mzigo wote usizidi kilo 220. Konda, ambaye nilikuwa nimempa noti ya elfu tano na kuambiwa nisubiri chenji, akaingiza kichwa dirishani. "Wawili? Sasa si bodaboda hiyo!" Abiria wakacheka, nami nikacheka kidogo, kwa kadiri mbavu zilivyopata nafasi. Mama aliyepakata ndoo ya dagaa akataka kujua kama ndoo inalipiwa nauli yake. Mzee mwenzangu wa siti ya nyuma akauliza swali ambalo naamini wahandisi hawakulifikiria: kama hakuna dereva wala konda, mtu akitaka kushuka anamwambia nani "shusha"? Kijana akaeleza kwamba njia hupangwa kwenye kompyuta kabla ya safari na chombo hakisimami popote katikati. "Basi hicho kinateka watu," akahitimisha mzee.

Hapo konda akashikwa na kiu ya elimu ambayo sikuwahi kuiona kwake. Akauliza idadi ya mapangapanga, akaambiwa ni kumi na sita. Akauliza kama yakizimika mawili kinaanguka. Akauliza betri inachajiwa wapi na umeme ukikatika inakuwaje. Kila nilipofungua mdomo alikuwa na swali jingine, mpaka tulipopanda daraja la Mfugale pale Tazara, ambalo tangu 2018 ndilo limenipa safari zangu zote za juu, ndipo nikaelewa kuwa mjadala wa sayansi unaendeshwa kwa mtaji wa chenji yangu. "Mdogo wangu, naomba hela yangu." Akanitazama kwa masikitiko. "Mzee wangu, tulia basi, tunaongelea maendeleo." Nilikusudia kujibu kiungwana, lakini sauti iliyonitoka iliwaamsha hata waliokuwa wamelala.

Alinirudishia chenji tukiwa Banana, yote kwa sarafu.

Nakiri kuwa wenzetu wana nia. Mmarekani Molt Taylor alipaisha gari lenye mabawa ya kufungua mwaka 1949, na mpaka leo majirani zake wanakaa foleni kama sisi. Wajerumani wa kampuni ya Volocopter walikusudia kubeba abiria angani Paris wakati wa Olimpiki za 2024, wakakosa kibali, na Desemba ya mwaka huo huo kampuni ikaomba ufilisi. Dubai wamesaini na Joby, kampuni ya Marekani ya teksi za angani, ili mtu atoke uwanja wa ndege hadi kisiwa cha Palm Jumeirah kwa takriban dakika kumi. Hongera zao, lakini abiria huyo akishushwa anakanyaga lami.

Mimi hata nikiletwa kwa mapangapanga mia, vyombo hivi vinahitaji kituo chao cha kutulia, na kituo hicho hakitajengwa mtaani kwetu, ambako hata gari la taka linageuzia njiani. Nitashushwa barabarani, kisha nitamfuata yule yule kijana wa bodaboda, ambaye mvua ikinyesha ana swali moja tu: "Mzee, bondeni tunavuka au nikuache ng'ambo hii?" Nikisema tunavuka, anaongeza mia tano, na viatu navua mimi.