Ukitaka kujua nywele za kupandikiza zimekubali, angalia kisogo

Kuna jamaa namnyoa hapa Mwanjelwa, Mbeya, miaka mingi tu, kichwa chake nakijua tangu kimejaa mpaka nywele zilipoanza kurudi nyuma pembeni ya paji, kila mwaka zinarudi kidogo, mwishoni ikabaki ulimi mwembamba katikati na duara utosini. Mwaka juzi akauza kahawa yake ya Mbozi, akapandia ndege Songwe, akapita Dar mpaka Istanbul, akapandikiza. Akarudi, akapotea karibu miezi miwili. Siku aliyokuja ilikuwa asubuhi, baridi ya Julai ile mnayoijua, akakaa kwenye kiti akavua mzula polepole akasema "kaka, nimepigwa". Nikasogeza taa. Mbele palikuwa na ngozi tu, ina vidoti vidogo vidogo kama mtu aliyerukiwa na mafuta ya kukaangia. Nywele alizolipia zote zilikuwa zimebaki kwenye mto wake.

Nilinyamaza maana sikuwa na cha kumjibu. Baadae ndo nikaja kujua kwamba hakupigwa, ndo ratiba yake ilivyo. Nywele zilizohamishwa zinadondoka ndani ya wiki mbili mpaka nane za mwanzo, shina linabaki limelala chini ya ngozi, mwezi wa tatu au wa nne zinaanza kuchomoza laini kama manyoya ya kifaranga, na mpaka useme haya ndo majibu yenyewe unahitaji mwaka mzima, wengine mwaka na nusu. Mwezi wa tano tangu apandikize alikuja akanionyesha kwa tochi ya simu. Mwezi wa kumi na nne nikamchonga mstari wa mbele kwa wembe, nikaenda taratibu kuliko navyoendaga, akajiangalia kwenye kioo akakaa kimya mda mrefu.

Tangu hapo saluni imegawanyika. Kuna mwalimu mstaafu, mzee wetu wa Sokomatola, yeye msimamo wake haujawahi kuyumba: upara ni wa ukoo, baba yake alikuwa nao na babu yake alikuwa nao, na mtu anayetoa mamilioni akayapeleka kichwani wakati msimu wa mbolea unakuja amekosea hesabu. Vijana wanamjibu mzee wewe umeshaoa, umeshasomesha, sisi tuna miaka ishirini na kitu konda anatuamkia shikamoo. Na mi siwezi kumcheka mtu anayeumia kwa ajili ya nywele, nimewaona wanaokaa na kofia mpaka kanisani, mzee wa kanisa anakuja kumgusa bega avue, na mtu anaona bora atoke nje. Hilo ni jeraha, hata kama halivuji damu.

Sasa kitu kinachofanya upasuaji huu ukubali ni hiki. Kwa wanaume wengi upara unaletwa na homoni inayoitwa DHT, inatengenezwa mwilini kutoka kwenye testosteroni, na kwa mwenye asili hiyo kwenye ukoo inazinyong'onyeza nywele za mbele na utosini, zinakuwa nyembamba mwaka hadi mwaka mpaka hazionekani. Za kisogoni na juu ya masikio haziguswi hivyo. Daktari wa ngozi wa New York, Norman Orentreich, aliandika mwaka 1959 kwamba nywele ukiihamisha inabaki na tabia ya kule ilikotoka, yani ya kisogoni ukiipanda mbele inaendelea kuishi kama iko kisogoni. Sisi wa huku tunaelewa haraka, ni kama kutoa miche kitaluni ukaipeleka shambani. Tofauti yake moja tu, na ndo nzito: kitalu cha kisogoni hakisiwi tena mbegu. Shina ukishalitoa pale, pale hapaoti kingine. Upandikizaji hauongezi hata unywele mmoja kichwani, unahamisha.

Ndo maana mi nikiletewa picha kwenye simu, kabla na baada, nauliza kisogo kiko wapi. Mara nyingi hakimo.

Kwa nywele zetu za kipilipili kuna habari njema na kuna habari ngumu. Njema ni kwamba unywele uliojikunja unafunika eneo kubwa kuliko ulionyooka, kwahiyo mashina machache yanaonekana mengi, na macho ya watu hayagundui kupungua mpaka eneo lipoteze karibu nusu ya nywele zake, sa huhitaji kurudisha zote ili uonekane umejaa. Ngumu ni kwamba unywele wetu umejikunja hata chini ya ngozi. Daktari anapotoboa kwa kile kisu cha duara chenye upana wa milimita moja hivi, akienda moja kwa moja bila kufuata mkunjo kama anavyofanya kwa mwenye nywele zilizonyooka anakata shina katikati na limekufa hapohapo. Inataka mkono uliozoea vichwa vya watu weusi, na swali la kwanza la kumuuliza daktari yeyote ni hilo, umeshafanya wangapi wenye nywele kama zangu, nionyeshe wakiwa na mwaka mmoja, mbele na nyuma.

Alafu kuna makovu, hapa nataka nikae kidogo maana ndo kazi yangu. Njia ziko mbili. Ile ya FUT wanakata ukanda wa ngozi kisogoni wanashona, unabaki na mstari kutoka sikio mpaka sikio. Ile ya FUE wanatoboa shina moja moja, hakuna mstari ila vinabaki vidoti vyeupe maelfu, na kwenye ngozi nyeusi vinaonekana zaidi. Anayefuga nywele ndefu hata hajali. Ila angalia vichwa vya mtaani kwetu, wangapi wanafuga? Wengi wanashusha pembeni na kisogoni mpaka zero. Jamaa yangu wa Istanbul saizi akikaa tu kwenye kiti ananikumbusha nisishuke chini ya namba mbili nyuma, kwa sababu siku moja nilishuka na kisogo kikatoka kama gunia lililoliwa na panya. Mbele amependeza kweli, sibishi, lakini ile njia rahisi kuliko zote, ya kunyoa para ukamaliza, ameshaiuza. Hakuna aliyemwambia kabla hajalipa.

Na kuna wenye vile vipele vigumu vya kisogoni karibu na shingo, vinakua vinundu, vinaacha makovu yanayovimba. Huyo na mwenye asili ya keloidi, yani kovu linalokua kupita kidonda chenyewe, asikimbilie kisu kabisa mpaka aonwe na daktari wa ngozi, maana kila tundu linaweza kugeuka kinundu. Vipele hivyo na sisi vinyozi tunavichangia, mashine ikikandamizwa sana au wembe ukirudiwa rudiwa nywele zinajichoma zenyewe ndani ya ngozi. Nimeacha kumnyoa zero kisogoni mtu mwenye dalili hata akinilazimisha.

Umri nao una neno. Wote tunamjua Wayne Rooney, yule mshambuliaji wa Manchester United wa enzi hizo, mwaka 2011 akiwa na miaka 25 alisema mwenyewe hadharani kwamba amepandikiza, na mwaka 2013 akarudi kufanya mara ya pili. Hela haikuwa shida yake. Ishu ni kwamba nywele ulizozaliwa nazo zinaendelea kukimbia nyuma ya zile ulizopanda. Ukipanda mstari wa mbele una miaka 25, ukifika 40 unaweza kubaki na mstari mzuri mbele, nyuma yake pengo, kama ua bila nyumba. Alafu unarudi kitaluni kuomba tena, na kitalu kina kipimo, wengi hawawezi kutoa zaidi ya mashina 6,000 hivi maisha yao yote na wa nywele za kipilipili mara nyingi ni chini ya hapo, wakati safari moja tu inakula 2,000 mpaka 3,000. Kwahiyo wa miaka 40 ambaye upara wake umetulia miaka kadhaa yuko sehemu nzuri kuliko dogo ambaye wake ndo kwanza umeanza mwendo. Najua inauma kumwambia hivyo kijana maana yeye ndo anateseka zaidi.

Kuhusu hela, vifurushi vya Istanbul vinatangazwa kwa dola 2,000 mpaka 4,000, hoteli imo, tiketi ya ndege juu yako, kwa hela yetu inaanzia milioni tano na kuendelea, bodaboda mpya hiyo na chenji inabaki. Urahisi una sababu zake. Kuna sehemu daktari anakuja kuchora mstari tu, wanaotoboa na kupanda masaa sita mpaka nane ni mafundi wasio na udaktari, na chama cha kimataifa cha madaktari wa upandikizaji kimekuwa kikipiga kelele juu ya hilo miaka yote. Wapo wazuri kule, jamaa yangu ni ushahidi. Lakini likitokea la kutokea wewe uko Mbeya na aliyekutoboa yuko Uturuki.

Na mazingira yetu hayasamehi. Siku kumi za mwanzo kitu chochote kinachobana au kusugua kichwani kinaweza kung'oa ulichopanda, sasa nani anakaa Mbeya mwezi wa saba bila mzula? Helmeti ya bodaboda nayo hivyohivyo. Jua la huku juu linachoma hata kukiwa na ubaridi, na vumbi la mwezi wa tisa unalijua. Jamaa alijifungia ndani wiki mbili na jiko la mkaa, dirisha akiliacha wazi usiku kwa kuogopa moshi.

Upande wa dawa mi nashangaa kwanini hauongelewi. Minoksidili, ile ile vijana wanapaka kuotesha ndevu, Marekani iliruhusiwa kwa upara tangu 1988. Finasteraidi ya kumeza, miligramu 1, iliruhusiwa 1997, inapunguza ile DHT yenyewe. Hazioteshi kipara cha zamani, ila zinashikilia kilichopo, na hata aliyepandikiza mara nyingi anaambiwa azitumie ili zilizobaki zisikimbie. Ubaya wake ukiacha, kilichoshikiliwa kinaachia. Na finasteraidi wengine, wachache, inawapunguzia hamu au nguvu za kiume, kwenye majaribio ilikuwa karibu wawili kati ya mia, kwahiyo usinunue kimyakimya dukani, nenda kwa daktari. Wazee ndo kabisa, maana inashusha majibu ya kipimo cha damu cha tezi dume karibu nusu, daktari asipojua unaimeza anaweza kukwambia uko salama kumbe haupo.

Mzee wa Sokomatola nilipomweleza hayo alisema "si nilikwambia". Lakini hakuniambia hayo, yeye alisema ni upuuzi, na upuuzi sio. Nimemuona mtu anarudi kukaa mbele kanisani.

Dogo mmoja wa Uyole, miaka 26, ana milioni nne na nusu benki na alikuja wiki iliyopita kuniuliza aende au asiende. Nilimshikia kioo nyuma akaangalia kisogo chake, nadhani kwa mara ya kwanza. Nikampiga picha nne kwa simu yake, mbele, utosini, pembeni na kisogoni, na kila baada ya miezi mitatu tunarudia, taa ileile, namba ileile ya mashine, mpaka mwaka uishe tuone nywele zinakimbia kiasi gani. Karibu na shingo ana vipele viwili vigumu. Nimemwambia aanze na hivyo hospitali, Jumatatu, kabla hajauliza bei ya tiketi.