Kinundu kwenye pafu: kinyama kwanza, au kisu moja kwa moja?

Vinundu vingi vya mapafu hugunduliwa kwa bahati. Mtu kaanguka na bodaboda, kapigwa CT scan ya kifua kuangalia mbavu, na ripoti inarudi na habari ambayo hakuifuata: kinundu cha milimita 15 kwenye pafu la kulia, upande wa juu, kingo zake zina miiba, saratani inashukiwa. Hapo ndipo ushauri unapogawanyika. Daktari mmoja anataka kinundu kichomwe sindano, kichukuliwe kinyama, yaani kipande chake kidogo, kipelekwe patholojia, maabara inayotafuta seli za saratani. Mwingine anasema chenye sura hiyo kitolewe chote, maana upasuaji mmoja utakuwa umepima na umetibu.

Vilivyo chini ya milimita 6 tuviweke kando. Vingi havina neno, na vinavyohitaji kuangaliwa hufuatiliwa kwa picha. Ugumu uko kwa vikubwa zaidi ya milimita 8, na hasa kwa mgonjwa ambaye bado ana nguvu za kuhimili upasuaji.

Mwongozo wa madaktari wa kifua wa Uingereza wa 2015 unapima kwanza uwezekano wa saratani. Ukiwa chini ya asilimia 10, mgonjwa afuatiliwe kwa picha. Kati ya 10 na 70, kinyama mara nyingi ndicho hatua inayofuata. Ukizidi 70, upasuaji uanze kufikiriwa. Mwongozo wa Marekani wa 2013 unafanana nao, ila mipaka yake ni 5 na 65.

Hoja ya wapasuaji ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani, na hesabu yake ni rahisi. Chukua wagonjwa 100 ambao 80 kati yao wana saratani kweli, na sindano inayonasa saratani tisa katika kila kumi. Itakosa nane. Wale 20 wasio na saratani nao watapata jibu lilelile la "hakuna seli za saratani". Kwa hiyo katika watu 28 watakaorudi nyumbani wakishukuru Mungu, wanane wana saratani inayoendelea kukua. Shaka ikiwa kubwa kiasi hicho, jibu zuri la sindano halitoshi kumwachia mgonjwa aende zake, na kama halitoshi basi sindano imeongeza gharama na kuchelewesha tiba. Tena sindano ya kupitia kifuani ina madhara yake. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2025, hewa ilivuja na kubana pafu kwa asilimia 28 ya waliochomwa hivyo, dhidi ya asilimia 3 ya waliochukuliwa kinyama kwa mrija wa kisasa unaoongozwa kupitia njia ya hewa. Mivujo mingi hupona, lakini mingine humlaza mtu na bomba kifuani.

Upasuaji nao umebadilika. Zamani saratani ya pafu ilimaanisha kifua kupasuliwa na tundu zima la pafu, yaani moja ya sehemu kuu zinazounda pafu, kuondolewa. Leo, penye vifaa na mikono yenye uzoefu, kazi hufanyika kwa kamera kupitia matobo madogo. Utafiti wa Japani uliotoka 2022, wa wagonjwa 1,106 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2, ulionyesha kwamba waliokatwa sehemu ndogo tu ya tundu hawakuishi muda mfupi kuliko waliokatwa tundu zima. Baada ya miaka mitano walikuwa hai asilimia 94 ya wa kwanza na 91 ya wa pili.

Pamoja na hayo yote, siamini kwamba mipaka ya London ihamishiwe Mbeya au Kisumu kama ilivyo. Sababu ni kifua kikuu. Kenya, Uganda, Tanzania na Kongo zote zilikuwemo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB. Kikokotoo ambacho Waingereza hukitumia kupima uwezekano wa saratani kilijengwa kwa takwimu za wavutaji sigara wa Kanada. Humo kinundu kilichoko juu ya pafu huongezewa alama za hatari, na TB nayo hupenda kukaa hukohuko juu. Kipimo cha PET, picha inayoonyesha sehemu za mwili zenye shughuli nyingi, ambacho kwingine husaidia kuamua, huwaka kwa saratani na huwaka kwa TB hai vilevile. Asilimia 70 ya kikokotoo inaweza kuwa 40 kwa mtu aliyekulia kwetu, na hapo wagonjwa 60 katika 100 watapasuliwa kifua kwa makovu ya zamani au kwa ugonjwa ambao vidonge vingeuponya.

Lakini TB hiyohiyo imetuzoesha kosa la upande wa pili, nalo linaniuma zaidi. Mgonjwa anaanzishiwa dozi ya miezi sita kwa kudhaniwa tu. Makohozi hayana vimelea, hakuna kinyama, na picha hairudiwi mpaka dozi iishe. Kinundu kilichotoka milimita 8 kikafika 10 kinaonekana hakijasogea sana, ila kwa ujazo kimekaribia kuwa maradufu.

Ndiyo maana kwa mgonjwa wa kwetu naegemea kinyama kwanza, isipokuwa pale ambapo sura ya kinundu na ukuaji wake kwenye picha mbili tofauti haviachi shaka, na kipimo cha pumzi kinaonyesha pafu litakalobaki litamtosha. Wanaokimbia sindano kwa kuogopa kwamba itasambaza saratani waelezwe kwa upole kuwa jambo hilo limewahi kutokea, lakini ni nadra sana, chini ya mtu mmoja katika mia.

Kabla ya lolote, itafutwe picha ya zamani, hata eksirei iliyofungwa kabatini tangu mtu alipotibiwa TB. Kinundu kigumu ambacho picha za CT zinaonyesha hakijabadilika kwa miaka miwili kwa kawaida hakihitaji sindano wala kisu.

Na ikiamuliwa sindano, familia iulize mapema kinyama kitagawanywaje. Kipande cha patholojia huwekwa kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze. Cha TB kiwekwe kwenye maji ya chumvi ya hospitali, kipimwe kwa GeneXpert, mashine ya kutambua vimelea vya TB, na kuoteshwa maabara, kwa sababu fomalini huua vimelea. Jibu likirudi "hakuna saratani" bila kutaja ugonjwa mwingine wowote, mgonjwa asiondoke bila tarehe ya CT scan nyingine, miezi mitatu mbele au mapema zaidi.