Mziki wa bure na uhuru wa kuondoka

Mi nikisikia kuna bendi inapiga bustanini bure siulizi hata ni bendi gani, naenda tu. Wapo wanaosema cha bure hakina thamani, ila kwenye mziki naona kinyume kabisa, maana ukumbini ukishalipa kiingilio utakaa hata kama wanakuboa, unajiambia hela yangu haiendi hivihivi, unavumilia mpaka mwisho na makofi unapiga ya adabu. Bustanini hakuna hiyo. Mtu anapita zake, anasimama wimbo mmoja, usipomkamata anaondoka na hamna atakayemuuliza. Sasa ukiona watu walioletwa na njia tu wamekaa kwenye majani nusu saa hawanyanyuki, ujue hapo wameshikwa kweli.

Ila bure ni kwetu sisi wasikilizaji jamani, sio kwa wapigaji. Zile shoo za bure za Grant Park kule Chicago zilianza 1935, wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi, na aliyezisukuma ni James Petrillo, kiongozi wa chama cha wanamuziki, alitaka watu wake wapate kazi. Kwahiyo yule anayewaambia bendi "njooni mpige mtapata kujulikana" asijifiche nyuma ya neno bure.

Halafu mbele kabisa siku hizi sikai, nawaachia wanaotaka picha. Pale unakula besi ya spika ya upande mmoja mpaka kifua kinatetema, sauti ya mwimbaji huipati vizuri. Nakaa karibu na fundi mitambo, kwasababu yeye anapanga sauti kwa masikio yake akiwa pale pale alipo, basi anachosikia yeye na mi nakisikia. Ukirudi nyuma sana kama mita 100 na hakuna spika za katikati kuna kituko kingine, sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwahiyo fimbo ya mpiga dramu unaiona imeshatua na mlio ndo unakuja. Mi huwa inanichekesha kila mara.

Wanaonikera ni wale wa kuwafokea watoto wanyamaze. Ndugu yangu, hapa ni nje, kuna ndege, kuna upepo unabeba nusu ya solo ya gitaa na kuipeleka unakojua wenyewe, we unamuonea mtoto anayecheza?

Juzi mwenyewe niliutumia huo uhuru wangu, niliinuka kabla hawajamaliza nikajiondokea. Jua lilikuwa limeshazama, na jioni ya utulivu ardhi ikipoa hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, sauti inapinda kurudi chini na inafika mbali, basi niko nje ya geti, nimevuka barabara, trampeti bado naisikia safi kama niko nayo. Nikasimama. Nikageuza.