Mfalme Mdogo Aliyeuawa Siku ya Sikukuu

Kila tarehe 26 Desemba, siku ya Mtakatifu Stefano, wavulana wa Ireland waliingia vichakani kumsaka ndege mmoja mdogo wa kahawia, wren. Mkia wake huwa umesimama wima, na uzito wake ni gramu 10 hivi, lakini akiimba utadhani kichaka kizima kimepata sauti. Walimpiga kwa fimbo na mawe, wakamfunga kwenye ufito uliopambwa kwa majani na tepe, wakapita naye nyumba kwa nyumba wakiimba na kuomba pesa.

Kinachoniuma ni kwamba katika wimbo huohuo walimwita mfalme wa ndege wote. Ufalme wenyewe aliupata kwa akili. Ndege walishindana nani ataruka juu zaidi. Tai akawapita wote, na nguvu zilipomwishia, wren akachomoka kwenye manyoya ya mgongo wake, akapanda juu kidogo tu, basi, taji likawa lake. Sisi tuliokua na hadithi za sungura tunamjua mtu wa namna hiyo, na tunampenda.

Mbona basi auawe? Walisema aliwahi kumsaliti Stefano mafichoni kwa kelele zake. Kwangu mimi hicho ni kisingizio cha watu waliokwisha kuzoea kuua. Naelewa zaidi maelezo mengine: mwaka unapokufa katikati ya baridi, mfalme wake naye azikwe, mwaka mpya upate nafasi. Maana hiyo ni nzito. Ila haihitaji damu.

Ushahidi uko Dingle, magharibi mwa Ireland. Siku ya Wren bado inachezwa huko, watu wamejifunika mabua kuanzia kichwani, ngoma na filimbi zikitikisa barabara, na hakuna anayemuua ndege. Sioni sherehe imepungukiwa na nini.

Marekani nako Krismasi ilikuwa na mashindano yake: makundi yalitoka na bunduki, na lililorudi na rundo kubwa la ndege na wanyama ndilo lililoshinda. Mwaka 1900 mtaalamu wa ndege Frank Chapman akapendekeza ndege wahesabiwe, wasiuawe. Krismasi ile watu 27 waliitikia. Napenda sana jinsi alivyolifanya jambo lenyewe: ushindani aliuacha uendelee, kuamka alfajiri na kutetemeka kwa baridi aliviacha viendelee, bunduki tu ndiyo ikabaki nyumbani. Hesabu hiyo inaendelea hadi leo, na kwayo wanasayansi hujua ni ndege gani wanapungua.

Lakini desturi ninayoipenda kuliko zote ni ya Norwei. Krismasi ikikaribia, mganda wa nafaka hufungwa juu ya mti nje ya nyumba, masuke yake yakiwa kamili, kwa ajili ya ndege. Theluji imefunika kila kitu, ndani watu wanapika, na nje shomoro wamening'inia kwenye masuke wakidonoa sehemu yao ya karamu.