Hasira ya mwanaume, kati ya Goma na Liège

Wakongo tukikutana hapa Ubelgiji, mazungumzo kuhusu wanaume na hasira huishia palepale. Wengine wanasema Ulaya imewavunja wanaume, mtu hawezi hata kupaza sauti nyumbani mwake. Wengine wanasema tulitoka kwenye ukali tupu na hapa ndipo tulipofundishwa utu. Sikubaliani na hao wala hao. Ubelgiji inajua kuizima hasira ya mwanaume kwa usiku mmoja, ila haijui kukaa naye. Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, ina watu wa kukaa naye, lakini wanafika wamechelewa, na wakifika wanamhoji mke badala ya mume.

Kwanza tuuondoe uongo mmoja, ule wa «hasira ilinizidi». Mtazame dereva wa moto, yaani pikipiki ya abiria, anayesimamishwa na wenye bunduki kwenye barieri, kizuizi cha barabarani. Anatukanwa mbele ya mteja, anaombwa pesa, pengine anapigwa kofi. Anashusha macho, anasema «ndiyo, shefu», anatoa franka, anawasha pikipiki anaondoka. Jioni mke anamuuliza pesa ya chakula iko wapi, na sahani inapasukia ukutani. Ni mtu yuleyule, siku ileile. Kama hasira yake haizuiliki, mbona ilizuilika mbele ya bunduki? Alipima gharama pale barabarani, akapima tena nyumbani akaona hakuna. Sisemi hivyo kumdharau. Aibu ile ni ya kweli, na tangu waasi wa M23 wauchukue mji mwezi wa kwanza 2025, benki zikafungwa na kazi zikakauka, imezidi. Namhurumia sana. Ila mtu aliyeweza kujizuia saa nane mchana anaweza pia saa mbili usiku.

Hapa Ubelgiji gharama ipo na inajulikana. Jirani akisikia kishindo hagongi mlango, anapiga 101, namba ya polisi. Polisi wakifika wanawatenganisha, mmoja jikoni, mwingine sebuleni, na kila mmoja anaeleza peke yake. PV, yaani maandishi rasmi ya polisi, inaandikwa hata kama mke anasema hataki kushtaki, na inakwenda parke, ofisi ya mwendesha mashtaka. Hapo ndipo wanaume wetu wengi wanapokosea. Wanadhani mke akitamka «nimemsamehe» neno limekwisha, kama ambavyo lingekwisha kwetu. Kwa sheria ya tarehe 15 Mei 2012, parke inaweza kumwamuru mtu anayeonekana kuwa hatari atoke nyumbani papo hapo, hata kama mkataba wa nyumba uko kwa jina lake. Mwanzoni amri hiyo haikuweza kuzidi siku 10, baadaye zikaongezwa hadi 14, na jaji wa familia anaweza kuirefusha hadi miezi 3. Kosa la kawaida ni kurudi usiku uleule kuchukua nguo au chaja ya simu. Kurudi huko ni kosa jingine la jinai, hata kama mke mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Ukihitaji vitu vyako, omba polisi wakusindikize.

Jambo lingine linalowafunga midomo dada zetu ni vitambulisho. Aliyekuja kwa kuunganishwa na mume wake anaogopa kwamba akiondoka kabla ya miaka 5 atanyang'anywa kibali cha kukaa. Hofu hiyo ina msingi, lakini sheria ya tarehe 15 Desemba 1980 inamlinda aliyetendewa ukatili nyumbani. Kinachohitajika ni ushahidi: PV, cheti cha daktari chenye tarehe, barua ya mfanyakazi wa jamii. Avikusanye mapema na aviweke kwa mtu anayemwamini, si kwenye kabati la nyumbani. Namba 0800 30 030 ni ya bure kwa wanaozungumza Kifaransa, na 1712 kwa Kiholanzi.

Sasa upande usiosemwa. Mwanaume akishatolewa nyumbani, nani anamwendea? Hakuna mjomba, hakuna mzee wa familia. Anapanga chumba kidogo, anakunywa peke yake, na hasira haijatoka, imehama tu. Huku kuna hasira nyingi isiyopaza sauti: mtu anamnyamazia mkewe wiki nzima, anaongea kwa barua za wakili, anazuia pesa. Na wanawake wanauawa na waume zao huku pia, hadi Ubelgiji ikatunga sheria maalumu kuhusu mauaji hayo mwaka 2023. Asitudanganye mtu kwamba utulivu wa ngazi za fleti ni amani ya nyumba. Chama cha Praxis kina vikundi vya wanaume waliotenda ukatili, wengine wametumwa na mahakama, wengine wamekuja wenyewe, na kazi yake naiheshimu sana. Shida ni kwamba Mkongo wa kawaida hukijua kikundi hicho akiwa tayari na karatasi ya jaji mkononi.

Goma ni kinyume. Nyumba ya mbao katika mitaa ya Majengo au Ndosho haina siri, ubao unapitisha kila neno. Ugomvi ukianza, jirani anakohoa, kisha anaita kutoka uani kwake: «Baba Furaha, acheni basi, watoto wanalala!» Mara nyingi sauti hiyo peke yake inatosha kumrudisha mtu kwenye akili yake. Huo ni utajiri ambao Liège, mji wa huku Ubelgiji, haina. Lakini baada ya hapo inakuja baraza ya familia, na baraza ndiyo inayoharibu. Mke amekimbilia kwao, wazee wa mume wanafika na kreti ya bia, wanaomba msamaha kwa wakwe, mke anaambiwa: «Mama, vumilia, nyumba ndiyo hivyo.» Mume ananyamaza kikao kizima. Hakuna aliyemuuliza alikuwa amekunywa nini, watoto walikuwa wapi alipoinua mkono, nani mwingine alimkasirisha siku hiyo na huyo alimfanya nini. Maswali hayo yachukue nusu ya kwanza ya kikao, yajibiwe na mume mbele ya watu anaowaheshimu, kabla kreti haijafunguliwa. Mageuzi ya sheria ya familia ya Julai 2016 yaliondoa ulazima wa mke kuomba ruhusa ya mume katika mambo ya kisheria, ila katika baraza nyingi ni kama habari hiyo haijafika.

Kuna waliokwisha kujaribu njia nyingine palepale kwetu. Vikundi vya Living Peace vimefanya kazi Goma: wanaume wanakutana kila wiki, vikao kama 15, wanaanza na walichokiona vitani kabla ya kufika kwenye walichokifanya nyumbani. Mpangilio huo ni sahihi, maana mtu aliyekimbia kijiji chake mara tatu hafunguki kwa kuhubiriwa. Lakini tusikuze mambo. Utafiti mmoja uliofanyika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, ukachapishwa mwaka 2020, ulifuata programu nyingine ya wanaume ya wiki 16. Wanaume walibadilika mawazo, wakamudu ukali wao zaidi na kusaidia zaidi kazi za nyumbani, ila ukatili wenyewe, kwa maneno ya wake zao, haukupungua kwa kiasi cha kuthibitika. Wiki 16 ni mwanzo tu.

Nije kwenye kinachofanyika usiku wenyewe. Wengi wanaamini hasira itolewe: piga ukuta, vunja kitu, kimbia. Mwaka 2024 uchambuzi wa tafiti 154 ulionyesha kwamba kinachopunguza hasira ni kutuliza mwili, si kuupandisha, na hata kukimbia mbio hakusaidii. Moyo ukishaenda mbio, mwili unataka angalau dakika 20 kurudi chini. Kwa hiyo unaondoka, lakini kwa utaratibu mliopatana siku ya amani: neno moja tu la kusema, muda wa kurudi unaotajwa, tuseme nusu saa, hakuna pombe, hakuna kuendesha pikipiki. Huko uliko vuta pumzi kwa kuhesabu 4, itoe kwa kuhesabu 6, dakika kadhaa. Inaharibika kwa njia mbili: mtu anaishia baa, au harudi hadi kesho na kumwacha mke akitetemeka. Hiyo ya pili ni adhabu tu.

Washauri wa huku husema: toka, zunguka mtaa. Usiku wa Goma, gizani, na watu wenye silaha barabarani? Ushauri huo unaweza kuua. Pa kwenda ni ndani ya parseli yenyewe, kiwanja mnachoishi: kwenye mawe nyuma ya choo, kwa kaka wa nyumba ya pili, kibarazani kwa mwenye nyumba. Huyo mtu umwombe mapema, awe asiyekunywa na asiyekuogopa, na ajue kazi yake si kukupa haki, ni kukaa nawe hadi muda uishe.

Nasi tunaotuma pesa tuna sauti ambayo mara nyingi tunaitumia vibaya. Shemeji akikupigia simu kutoka Goma usiku, usimwambie avumilie. Muulize yuko wapi sasa hivi, watoto wako na nani, ana pa kulala. Pesa ya usafiri na ya daktari itume kwenye namba yake mwenyewe, si ya mumewe. Kisha mpigie huyo mume, mdogo wako, asubuhi, akiwa hajaonja kitu, mwache aeleze hadi mwisho bila kumkatiza, halafu mwambie jina la mtu atakayekuja kukaa naye jioni hiyo.