Dogo wa field kaanza kuisimulia, acha nimalizie mwenyewe

Najua wengi mmeshaisikia ile voisi ya dogo wa field kwenye grupu, eti jana nimeangusha seva ya chuo mbele ya mkuu. Kwanza seva haikuanguka. Bora ingeanguka, ningesingizia umeme.

Iko hivi. Kwenye mfumo wetu wa chuo, huo wa maombi na ada, waombaji walikuwa wanalalamika wakipandisha picha ya cheti inagoma, simu za siku hizi picha moja MB 4 au 5, na Nginx, ile programu ya seva inayopokea kila kinachotumwa na watu kwenye mfumo, usipoigusa inapokea mzigo wa MB 1 tu, ukizidi hapo inakutupia kosa namba 413, yaani mzigo mkubwa mno. Wala sio kazi ya kukukosesha usingizi, unafungua faili la mipangilio, unaweka client_max_body_size, unaandika kiasi unachotaka. Nikaandika 20. Nikapima kwa nginx -t, ikasema syntax is ok, test is successful, nikairilodi isome mipangilio mipya, nikafungua ukurasa wa mbele ukaja safi kabisa, nikabeba laptop kwenda kikaoni kifua mbele.

Wale wa fani naona mmeshaanza kucheka. Tulieni.

Projekta inawaka, mkuu kakaa mbele, na mimi kwa mbwembwe zangu nikasema mama mhasibu aingie mwenyewe, muone mfumo ulivyo rahisi. Mama akavaa miwani. Akaandika mhasibu.mkuu kwa kidole kimoja, herufi moja moja, chumba kizima kimya tunasikiliza kibodi. Akaweka neno la siri. Akabonyeza. Ukutani, maandishi meusi manene kwenye ukurasa mweupe pee: 413 Request Entity Too Large.

Mkuu akaisoma kwa sauti. Taratibu. Akamwangalia mama mhasibu, akaniangalia mimi. "Too large nini?"

"Au jina langu ndo refu?" mama akauliza.

Nikacheka kile kicheko cha kitaalamu, nikamwambia hapana mama, haihusiani kabisa, huo ni mtandao tu. Akarudia. 413. Akavua miwani akaifuta, akarudia. 413.

Ndo dogo wa field huko nyuma, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema "bro, ngoja nijaribu mimi". Akaunti ya dogo jina ni dogo, siri 1234, nilimfungulia mwenyewe (msinianze kuhusu usalama). Akaingia. Mara ya kwanza tu! Yaani mhasibu mkuu yuko nje ya mfumo wa ada, mwanafunzi wa field yumo ndani anaperuzi madeni ya watu ukutani.

Nikafungua logi, kumbukumbu za seva, mikono inatetemeka: client intended to send too large body: 34 bytes. Baiti thelathini na nne jamani, hata meseji ya kuomba vocha inazidi hapo! Nilisahau herufi m, ile ya MB. Ukiiandikia Nginx 20 peke yake inajua umetaka baiti 20, na nginx -t inapita vizuri tu maana yenyewe inapima uandishi, haipimi akili ya mwandishi. Ukurasa wa mbele ulifunguka kwa sababu kufungua ukurasa hakubebi mzigo wowote, ila fomu ya kuingia inabeba. Sasa hesabuni wenyewe alichotuma dogo, kila herufi baiti moja: jina=dogo&siri=1234, herufi 19. Dogo kapenya ikiwa imebaki nafasi ya herufi moja. Na mama alikuwa sahihi, jina lake lilikuwa refu kweli, na mimi nimeshamcheka mbele ya watu.

Nikaongeza m, nikairilodi, mama akaingia, nikapandisha cheti cha majaribio, PHP, lugha inayoendesha mfumo wenyewe, nayo ikagoma maana yenyewe upandishaji wake unaishia MB 2, nikarekebisha na hiyo usiku, hayo tuyaache.

Leo saa nne niko kantini naagiza chapati, nikasema nipe mbili. Mama mhasibu yuko meza ya pili, hata hajageuka, akamwambia mhudumu, "Muulize kwanza, mbili nini?"